Nani Ana Funguo za Tovuti Yetu?

 

Leo tuzungumze juu ya tovuti za jamii. Tovuti za serikali na za makampuni makubwa zina mafundi wa mshahara, hizo tuziweke kando. Nina maana ile tovuti ya chama cha waliosoma shule moja, ya kwaya, ya jumuiya ya msikiti, ya kikundi cha kutunza msitu, ya umoja wa wenyeji wa wilaya fulani waishio Dar es Salaam, Nairobi au Toronto. Tovuti ambayo kijana mmoja wa chama aliijenga kwa kujitolea, miaka kumi au kumi na tano iliyopita, akikesha baada ya kazi yake ya mchana, na hakudai hata nauli.

Leo iko katika hali gani? Ifungue uone. Tangazo la mkutano mkuu lililo juu kabisa ni la mwaka 2016. Nusu ya picha hazionekani. Fomu ya kujiunga ukiijaza, haijulikani inakwenda wapi. Kabla hata hujaingia, simu inakuonya kwamba tovuti si salama. Ukimwuliza mwenyekiti, atakwambia mwulize katibu. Katibu atasema ile ilikuwa kazi ya yule kijana. Na yule kijana alishahamia Mwanza, ana familia yake, na namba yake ya zamani haipatikani.

Wengi wakifika hapo husema: basi, iacheni ife. Mimi nasema, tusiharakishe. Jiulize kwanza, ndani ya tovuti hiyo kuna nini? Kuna majina ya waasisi, ambao baadhi yao wameshatangulia mbele ya haki. Kuna katiba ya kwanza ya chama. Kuna picha za harambee ya kujenga zahanati. Kuna historia ya kijiji kama alivyoisimulia mzee ambaye leo hayupo kusimulia tena. Mengi ya hayo hayapo kwenye karatasi yoyote. Tovuti ikifutika, nayo yamefutika.

Neno langu la leo ni hili, na nitalirudia: tovuti ya kujitolea haiuawi na uchakavu. Inauawa na maarifa na funguo kukaa kwa mtu mmoja. Ukitaka kuiokoa, anza na funguo, kisha nakala, kisha uchunguzi, kisha watu. Funguo, nakala, uchunguzi, watu. Twende pole pole, moja baada ya jingine.

Tuanze na funguo. Tovuti yoyote ina vitu vitatu, na kila kimoja kina ufunguo wake. Cha kwanza ni jina lake, ambalo mafundi huliita domeini; kwa vyama vya Tanzania mara nyingi linaishia na nukta or nukta tz, na kwa vya Kenya nukta or nukta ke. Cha pili ni nafasi kwenye seva, yaani ile kompyuta isiyozimwa ambayo tovuti inakaa ndani yake. Cha tatu ni tovuti yenyewe: mafaili, picha, na kanzidata inayotunza maandishi. Unaweza kuwa na neno la siri la kimoja ukakosa la kingine, na ukiwa hivyo bado hujawa na tovuti mkononi.

Hatari kubwa iko kwenye jina. Kwa nini? Kwa sababu jina la tovuti halinunuliwi likawa lako milele. Linakodishwa, kwa kawaida mwaka hadi mwaka. Muda ukikaribia kwisha, wakala wa usajili hutuma barua pepe ya kukumbusha. Anaituma wapi? Kwa yule aliyesajili. Sasa kama yule kijana alisajili kwa anwani yake ya chuo, na chuo alimaliza zamani, barua hizo zinakwenda mahali ambapo hakuna anayesoma. Siku ya kwisha inapita. Muda wa nyongeza nao unapita. Kisha mtu msiyemjua analichukua jina, na mwanachama wenu akitafuta tovuti ya jumuiya ya akina mama anakutana na matangazo ya kamari. Hilo linatokea mara kwa mara, na kulirudisha jina ni kazi ngumu na ya gharama.

Basi ufanye nini? Kuna huduma ya bure kwenye intaneti iitwayo WHOIS. Andika domeini yenu pale, na mara nyingi utaonyeshwa imesajiliwa kupitia wakala gani na muda wake unaisha tarehe ngapi. Ukishajua hayo, mtafute aliyeijenga. Na hapa nawaomba sana, wazee wangu na ndugu zangu: mkimpata, msimwendee kwa lawama. Alitoa usiku wake kwa ajili yenu. Mshukuruni kwanza, halafu mwombeni awakabidhi. Usajili uhamie kwenye anwani ya barua pepe ya chama, isiyo ya mtu binafsi. Maneno ya siri yajulikane na watu wawili au watatu walioteuliwa na kikao, na yawekwe pia kwenye bahasha iliyofungwa, kwenye kabati la ofisi au kwa katibu.

Na kama hapatikani, au ametutoka? Waandikieni wakala wa usajili na kampuni inayowapa nafasi kwenye seva. Andaeni cheti cha usajili wa chama, katiba, na muhtasari wa kikao ulioteua viongozi wa sasa, kwa maana watataka uthibitisho kwamba ninyi ndio wenyewe. Itachukua muda. Ndiyo maana ni vizuri kuanza leo, jina likiwa bado ni lenu.

Tumemaliza funguo. Tuje kwenye nakala.

Ukishaingia ndani, utatamani kurekebisha papo hapo. Jizuie. Usiguse kitu chochote kabla hujanakili kila kitu. Wako waliofuta tovuti nzima kwa kubonyeza mara moja, wakiwa na nia njema kabisa. Na nakala iwe kamili, yaani mafaili pamoja na kanzidata. Wengi hunakili mafaili wakadhani wamemaliza, kumbe habari na makala zote zimo kwenye kanzidata. Siku ya shida wanajikuta wana picha, hawana maneno.

Weka nakala ngapi? Kuna kanuni iliyoenezwa na mpiga picha wa Marekani, Peter Krogh, nayo ni rahisi kukumbuka: nakala tatu, kwenye vyombo vya aina mbili, na moja iwe mbali. Kwa mfano, moja ni tovuti yenyewe kwenye seva, ya pili iko kwenye diski ya ofisini, ya tatu anayo mwanachama wa mji mwingine. Kisha, na hili husahaulika, ijaribuni nakala hiyo. Ifungueni kwenye kompyuta nyingine muone kama inafanya kazi. Nakala ambayo haijawahi kufunguliwa bado ni matumaini tu.

Pengine unasema, mbona kampuni ya seva inatutunzia? Kampuni nazo zina mambo yake. Mwezi Oktoba 2009, kampuni ya Yahoo iliifunga huduma ya GeoCities, ambako mamilioni ya watu wa kawaida walikuwa wamejenga kurasa zao bila malipo. Kilichosalia kilisalia kwa sababu watu wa kujitolea walikimbilia kunakili kabla mlango haujafungwa. Mwaka 2019 nao mtandao wa kijamii wa MySpace ulitangaza kwamba nyimbo, picha na video za miaka mingi huenda zimepotea wakati wa kuhamisha seva. Kama yamewafika hao wenye mitaji na wataalamu, chama chetu kitategemea nini zaidi ya nakala yake chenyewe?

Na kama mmeshachelewa, tovuti imeshapotea, pako mahali pa kutafuta. Taasisi ya Internet Archive ya San Francisco imekuwa ikihifadhi kurasa za intaneti tangu mwaka 1996, na kwa chombo chake kiitwacho Wayback Machine mtu yeyote anaweza kuzitazama bure. Andika pale anwani ya tovuti yenu ya zamani. Haikuhifadhi kila kitu, lakini huenda ukakuta ukurasa wa waasisi umo.

Haya, funguo tunazo, nakala tunazo. Sasa tuingie kwenye uchunguzi: tovuti ina ugonjwa gani?

Maswali ni machache. Shida ilianza lini? Ni kwa mtu mmoja au kwa wote? Jaribu kwa simu nyingine, jaribu kwa mtandao mwingine wa simu. Kama kwako haifunguki na kwa jirani inafunguka, shida iko kwako, haiko kwenye tovuti. Halafu soma ujumbe unaotokea. Watu huona namba wakaogopa, ilhali namba zile zinatusaidia. Ukiona 404, maana yake seva ipo na inajibu, ila ukurasa uliouomba haupo mahali pale. Ukiona 500, seva yenyewe imekwama katikati ya kazi. Hapo tafuta kumbukumbu ya makosa ambayo seva huiandika. Ndani yake mara nyingi utakuta jina la faili na namba ya mstari uliokwama.

Kuna sentensi moja ambayo kila fundi ameisikia: “Hatukugusa kitu chochote, imeharibika yenyewe!” Je, umewahi kuisema? Wanaosema hivyo ni wakweli, hawakugusa. Na hilo ndilo jibu. Ninyi hamkugusa, lakini kila kinachoizunguka tovuti kilikuwa kinabadilika.

Nitoe mfano. Tovuti nyingi za aina hii ziliandikwa kwa lugha ya kompyuta iitwayo PHP, toleo la tano. Mwishoni mwa mwaka 2015 likatoka toleo la saba, na ndani yake zikaondolewa amri za zamani ambazo tovuti hizo zilizitumia kuzungumza na kanzidata. Toleo la tano likaacha kupewa marekebisho ya usalama mwishoni mwa 2018. Siku kampuni ya seva ilipohamia toleo jipya, tovuti ya chama ikawa ukurasa mweupe. Hakuna aliyeihujumu. Ilikuwa inaita amri ambazo hazipo tena.

Mfano mwingine. Picha zinazocheza na vitufe vya kung'aa vya zamani mara nyingi vilitengenezwa kwa programu iitwayo Flash, na Flash ilisitishwa mwisho wa 2020. Hakuna kivinjari cha leo kinachovionyesha chenyewe. Na lile onyo la “si salama” je? Tangu mwaka 2018 kivinjari cha Chrome hulionyesha kwa tovuti yoyote isiyo na cheti cha usalama. Dawa yake ipo, tena bure: taasisi iitwayo Let's Encrypt hutoa vyeti hivyo bila malipo, na kampuni nyingi za seva zina kitufe cha kukiweka. Ila cheti hicho ni cha muda mfupi, hakikisheni kinajiongeza chenyewe.

Mfano wa tatu unatuhusu sisi tunaoandika Kiswahili. Umewahi kufungua tovuti ya zamani ukakuta neno ng'ombe limevurugika, katikati yake kuna herufi a yenye kofia na alama ya yuro? Kile kialama cha juu kilihifadhiwa kwa mpangilio mmoja wa herufi, na kinasomwa kwa mpangilio mwingine. Usianze kusahihisha neno moja moja, ng'ombe na ng'ambo na ng'oa, kurasa mia mbili. Huenda maandishi yako salama kabisa kwenye kanzidata, na kinachotakiwa ni kuiambia tovuti isome kwa mpangilio uitwao UTF-8. Ukisahihisha kwa mkono kabla ya kujua chanzo, utaharibu yaliyokuwa mazima.

Kwa hiyo kanuni ya ukarabati ni hii: fanyeni majaribio kwenye nakala, msijaribu kwenye tovuti inayosomwa na watu. Badilisheni kitu kimoja, mtazame matokeo, ndipo muende kwenye kingine. Ukibadilisha vitu vitano kwa pamoja na tovuti ikapona, hujui kilichoiponya. Ikizidi kuumwa, hujui kilichoiumiza. Na kila mnachofanya kiandikwe kwenye daftari: tarehe, kilichobadilishwa, nani amebadilisha, nini kimetokea. Nakala kwanza. Kitu kimoja kimoja. Andika.

Sasa, je, kila kitu kifufuliwe? Hapana. Vipo vya kuondoa. Kile kihesabu cha wageni hakina kazi tena. Kitabu cha wageni kilichojaa matangazo ya dawa za ajabu, kifungeni. Vile viprogramu vya ziada ambavyo watengenezaji wake wamevitelekeza, viondoeni, maana wadukuzi hupenda kuingilia hapo. Hata programu kubwa za kuendeshea tovuti zina mwisho wake: Drupal toleo la saba, iliyotoka mwaka 2011, iliacha kuhudumiwa Januari 2025. Kama yenu iko humo, pangeni kuhama.

Na sehemu ile ya historia, ambayo haibadiliki tena, igeuzeni iwe kurasa za HTML tupu, zisizohitaji kanzidata wala viprogramu. Kurasa za kwanza kabisa za wavuti, zilizoandikwa kwenye kituo cha utafiti cha CERN kule Geneva mwanzoni mwa miaka ya 1990, zilikuwa za namna hiyo. Mwaka 2013 CERN walizirudisha kwenye anwani yake ya awali, na leo unaweza kuzisoma kwa simu yako. Kilichoandikwa kwa njia nyepesi hudumu.

Punguzeni pia uzito wa picha. Wasomaji wetu wengi wanaingia kwa simu na wanalipia bando. Picha iliyopakiwa kama ilivyotoka kwenye kamera inamlia mama wa kijijini fedha yake kabla hajasoma hata mstari mmoja. Na tazameni ile orodha ya wanachama yenye majina, namba za simu na mahali wanapoishi, iliyo wazi kwa dunia nzima. Wakati ule ilionekana kama heshima. Leo ni mwaliko kwa matapeli, na sheria zimeshakuja: Kenya ina sheria ya kulinda data binafsi tangu 2019, na Tanzania iliitunga ya kwake mwaka 2022. Iondoeni, na mwulizeni mwanachama kabla ya kutangaza habari zake.

Tumefika kwenye la nne, nalo ndilo kubwa: watu.

Mnaijua pampu ya maji ya kijiji. Siku ya uzinduzi kuna ngoma na hotuba. Isipokuwa na kamati, mfuko wa vipuri na mtu anayejua kutumia spana, mpira mdogo tu ukikatika watu wanarudi mtoni. Tovuti ya jamii nayo iko hivyo hivyo. Wafadhili na wanachama wanachangia kwa furaha kuijenga. Kuitunza hakuna anayekuchangia.

Na hili haliwasumbui wanyonge peke yao. Mwezi Aprili 2014 dunia ilishtuka kugundua kasoro iliyopewa jina la Heartbleed, ndani ya programu ya OpenSSL iliyokuwa ikilinda mawasiliano ya sehemu kubwa ya tovuti za dunia. Ndipo wengi walipojua kwamba programu hiyo ilikuwa ikitunzwa na watu wachache mno, wengi wao wa kujitolea, kwa fedha kidogo sana. Kila mtu aliitumia. Karibu hakuna aliyeuliza nani anaitunza.

Basi sisi tuulize. Teueni watu wawili, asiwe mmoja. Mmoja awe kijana mwenye ujuzi wa kompyuta, mwingine awe mtu mzima anayejua historia ya chama na anayeweza kusema hii ni picha ya mwaka gani na huyu ni nani. Wapeni muda maalumu, miaka miwili kwa mfano, na kabla ya kuondoka wawafundishe wanaokuja. Kila mwezi mmoja wao aifungue tovuti kwa simu na kuijaribu ile fomu. Kila baada ya miezi michache wasasishe programu na kuchukua nakala mpya. Na kila mwaka, kwenye mkutano mkuu, tovuti iwe na nafasi yake kwenye ajenda: jina linaisha lini, seva ni kiasi gani, fedha iko wapi. Mkikosa fedha hiyo, msiwaachie vijana walipe mifukoni mwao kimya kimya, kwani siku mmoja wao akikwama, chama kizima kitakwama naye.

Najua yupo anayeuliza: kwa nini tusiachane na haya yote tukabaki na kundi la WhatsApp? Swali zuri. WhatsApp inafaa sana kwa kuitana: kuna msiba, kuna kikao, mchango mwisho Ijumaa. Lakini mwanachama anayejiunga leo hayaoni yaliyosemwa mwaka jana. Simu ikiibiwa, na mwenyewe hakuwa na nakala, picha zimekwenda. Na mtoto wa mwenyeji wenu aliyezaliwa Uingereza, akitafuta habari za asili yake, hawezi kuingia kwenye kundi lenu la simu. Kundi ni la kuitana, tovuti ni ya kutunza. Tumieni vyote viwili.

Wasikilizaji wapenzi, muda wetu umekaribia kwisha, nifunge kwa kurudia. Funguo ziwe za chama, zisiwe za mtu. Nakala zichukuliwe kabla ya kugusa, na zijaribiwe. Uchunguzi ufanywe kwa utulivu, kitu kimoja kimoja, na kiandikwe. Watu wateuliwe, wafundishwe, wachangiwe.

Nami nawapa kazi ya wiki hii. Kama uko kwenye chama chenye tovuti, wapigie viongozi wako uwaulize kwa adabu maswali matatu: jina la tovuti yetu limesajiliwa kwa nani? Linaisha lini? Na nakala yetu iko wapi? Swali lolote kati ya hayo likikosa jibu, ombeni kikao, msingoje tovuti izimike ndipo mkutane. Na yule aliyeijenga, popote alipo, mtafuteni mumwambie ahsante.